Nani Alimwachia Kiowa?

Wadogo zangu, leo tunafungua kitabu cha Mmarekani Tim O'Brien, The Things They Carried, kilichotoka mwaka 1990. Ninyi mliosoma kwa Kifaransa mtakipata kwa jina la À propos de courage. Ni hadithi fupi 22 kuhusu kikosi kimoja cha askari vijana huko Vietnam. Kila hadithi inajitosheleza, ila watu ni walewale: Ted Lavender anauawa katika hadithi ya kwanza, na katika ya mwisho bado anatajwa.

Hadithi ya kwanza inahesabu mizigo. Bunduki, risasi, chakula cha makopo, kila kitu na uzito wake. Luteni Jimmy Cross amebeba barua za msichana asiyempenda. Kiowa amebeba Agano Jipya. Hofu nayo imo kwenye orodha. Sisi wa Bunia hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na mapigano yakapamba moto mjini, watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Waulizeni wakubwa wenu walibeba nini. Godoro? Sufuria? Bidoni ya maji na mtoto mgongoni?

Lakini nataka tukae zaidi kwa Kiowa. Usiku mmoja wa mvua, kikosi kinalala kando ya mto Song Tra Bong, kwenye uwanja ambao wanakijiji wameufanya choo. Makombora yanaanguka na Kiowa anazama topeni. Katika "Speaking of Courage", Norman Bowker amesharudi kwao; anazunguka ziwa kwa gari huku akiwaza jinsi alivyomshika Kiowa buti, kisha akaliachia. Geuza kurasa chache: msimulizi anasema Bowker hakumwachia mtu, kosa hilo ni lake yeye mwenyewe. Endelea mbele: Luteni Cross anajilaumu kwa kupiga kambi mahali pale, na askari mwingine, kijana kabisa, anajilaumu kwa kuwasha tochi amwonyeshe Kiowa picha ya mchumba. Kifo kimoja, wenye kosa wanne!

Mtauliza, yupi anasema kweli? Msimulizi anaitwa Tim O'Brien na ana binti, Kathleen. Mwandishi Tim O'Brien, alipoandika, hakuwa na mtoto. Kwa hiyo tusijifanye majaji.

Ujaji una mahali pake. Januari 2009, kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, ilipoanza The Hague, shahidi wa kwanza, kijana aliyeletwa kama kadogo (askari mtoto) wa zamani, alitoa ushahidi kisha akaukana. Wiki mbili hivi baadaye akarudi kuueleza upya. Mahakama ilikuwa na haki ya kudai kauli moja, kwani mtu alishtakiwa kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Machi 2012 Lubanga alipatikana na hatia.

Kwenye hadithi swali ni jingine: mbona kila mmoja analing'ang'ania kosa liwe lake? Mimi naona ni kwa sababu kosa lenye mwenyewe linavumilika kuliko kifo kisicho na sababu. Mwenye jibu jingine alilete. Ila kwanza someni "Speaking of Courage", "Notes" na "In the Field" mfululizo, kalamu mkononi, na kila anayejilaumu mwandikeni jina pembeni mwa ukurasa.