Diski za seva ya nyumbani: Usidanganywe na bei ya kwenye boksi

SOKO la diski za kompyuta limebaki mikononi mwa watengenezaji watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Anayetaka seva ya kuhifadhi filamu, muziki na picha za harusi nyumbani hana wengi wa kuwashindanisha. Nafuu yake ataipata kwenye hesabu.

Tuchukue diski 4 za terabaiti 4 kila moja. Umelipia terabaiti 16. Ukizipanga kwa mtindo wa RAID 5, ambao huruhusu diski moja kufa bila data kupotea, unabaki na 12, na kila terabaiti unayotumia imepanda bei kwa theluthi moja. RAID 6 huvumilia vifo viwili, lakini unabaki na 8: bei mara mbili. Ndiyo maana wengi hukimbilia RAID 5.

Balaa huja siku ya kubadilisha diski iliyokufa. Diski mpya hujazwa kwa kuzisoma zote zilizosalia, mwanzo hadi mwisho. Yenye terabaiti 12, ikiandika megabaiti 200 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 16, na kwa muda wote huo RAID 5 haina akiba. Diski zilizonunuliwa siku moja zimezeeka pamoja. Ikifa ya pili, seva nzima imekwenda.

Kwa matumizi ya familia, diski 2 kubwa zilizowekwa pacha ni biashara bora. Nusu ya uwezo inaliwa, ni kweli, lakini umeme na kelele hupungua, na kila diski ina mzigo wote.

Aina nayo iangaliwe. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilitumia SMR, yaani mistari ya data inayopandana kama vigae vya paa. Wateja hawakuwa wameelezwa. Diski hizo huandika polepole mno wakati wa kujaza upya. Baadaye kampuni ilizitenga zisizo za SMR kwa jina la Red Plus.

Mitumba nayo imo. Januari 2025, Heise ya Ujerumani iliripoti diski za Seagate zilizokwishatumika kuuzwa kama mpya, saa zake za kazi zikiwa zimefutwa. Kumbukumbu nyingine ndani ya diski, iitwayo FARM, ndiyo iliyozifichua. Programu ya bure ya smartmontools huisoma, kwa hiyo ipime diski kabla muda wa kuirudisha dukani haujapita.

Bajeti ihesabiwe kwa diski 3, si 2. Mtoto akifuta picha, pacha wote wawili huzifuta papo hapo. Mwizi naye hubeba seva yote. Ya tatu ni ya nakala, ikae kwa ndugu, nyumba nyingine, na iletwe kila mwezi kuongezewa vilivyo vipya.