Wazee wa Mbulu na Hanang, na Wazee Wetu

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita lilitokea jambo katika chama chetu ambalo haifai kulinyamazia. Mzee mmoja, mwanachama wa miaka mingi, ambaye jina lake tunalihifadhi, alikuwa amekaa barazani kwake asubuhi, akaona vijana asiowajua wanapita na kamba na mapakacha kuelekea shambani kwake. Alipouliza akaambiwa kuwa mikarafuu imekwisha kukodishwa na jamaa zake mwenyewe, na fedha zimekwisha kupokelewa. Yeye hakuulizwa. Hoja ya jamaa zake ilikuwa kwamba mzee hawezi tena kupanda mti, basi ya nini kumsumbua?

Tulipolifungua daftari letu ili tuone tumsaidie vipi, tuliona aibu zaidi. Sisi nasi tulikuwa tumekwisha kuliondoa jina lake, kwa sababu ada yake haikulipwa miaka miwili, na hapana mtu katika kamati aliyekwenda kumwuliza kwa nini.

Kwa ajili hiyo twataka leo tuzungumze juu ya wazee, na tutaanzia mbali kidogo, katika wilaya za Mbulu na Hanang. Huenda msomaji akasema: sisi watu wa karafuu na watu wa Mbulu wapi na wapi? Lakini mtu hujiona vizuri zaidi akitazama kwa jirani.

Wilaya hizo ziko Bara, katika mkoa wa Manyara, uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Hanang yenyewe ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1985. Wenyeji wengi wa Mbulu ni Wairaqw, ambao watu wengi wamezoea kuwaita Wambulu. Hanang wako pia Wabarabaig, wafugaji, ambao ni tawi la Wadatoga. Karafuu hawaijui shambani. Mali yao ni ng'ombe, mahindi, ngano na vitunguu saumu.

Katika desturi ya Wairaqw, mzee ana kazi ambayo kijana hawezi kumpokonya. Watu wakikusanyika kwa jambo la maana, mzee husimama akasoma dua ndefu iitwayo slufay, akiwaombea watu amani, mvua na uzazi, na waliohudhuria humwitikia kwa pamoja. Dua hiyo haina kitabu. Imo kifuani mwa wazee, na asiyekaa nao hawezi kuipata. Kwa Wabarabaig, wanawake nao wana baraza lao. Mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo yanayoihusu heshima ya wanawake, kina mama hukaa, humhukumu na humtoza faini ya ng'ombe, na wanaume huitii hukumu hiyo.

Hata mzee akifariki heshima haikomi. Mzee wa Kibarabaig mwenye sifa hufanyiwa maziko makubwa yaitwayo bung'eda. Kaburi lake hujengwa likawa kichuguu kirefu, na shughuli yake huchukua miezi mingi mpaka kumalizika. Katika miaka ya 1970 na 1980, serikali kwa msaada wa Canada ilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, ardhi iliyofika karibu ekari 100,000. Malisho yalikwenda, na matrekta yakalima hata juu ya makaburi hayo ya wazee. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani, na wengine baada yao wakafuata. Twalitaja jambo hili kwa sababu lafanana na la mzee wetu: mpango ulioletwa kwa jina la maendeleo ulipita juu ya wazee bila ya kuwauliza, waliokufa na walio hai.

Hayo ndiyo waliyo nayo wenzetu. Sasa tutazame wanayoyakosa.

Serikali ya Muungano ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na mzee kwa sera hiyo ni aliyefika miaka 60. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wa umri huo walikuwa kiasi cha 6 katika kila 100. Kwa mujibu wa sera, mzee asiye na uwezo hutibiwa bila malipo, na katika hospitali nyingi limewekwa dirisha la wazee, na tangazo la kuwataka watu wampishe mzee kwanza. Mabaraza ya wazee yameundwa kuanzia vijijini. Kaya zilizo maskini sana husaidiwa fedha na TASAF.

Lakini mkulima au mfugaji wa Mbulu, ambaye hakupata kufanya kazi ya mshahara, hana pensheni ya mwezi kwa sababu ya umri wake tu. Mtegemewa wake ni watoto, na watoto wengi wamekwenda mijini kutafuta riziki. Hospitali kubwa ya upande huo ni ile ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri wa Norway mwaka 1955, na watu huifuata kutoka mbali sana. Kusamehewa malipo ni jambo jema, lakini bibi mwenye magoti mabovu, anayekaa bondeni mbali na barabara, kwanza ahitaji mtu wa kumfikisha.

Tena kuna hatari zisizongoja. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikauvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku kama hiyo mwenye miguu hukimbia. Asiye na miguu humtegemea anayejua kuwa yumo ndani, na jirani asiyemtembelea mzee hawezi kujua.

Sasa turudi kwetu. Sisi twayo ambayo Mbulu hawana. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza masharti na kufika miaka 70 hupata pensheni jamii, awe alifanya kazi serikalini au alichuma karafuu maisha yake yote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya mambo ya wazee. Kwa wasio na jamaa, yako makao ya wazee Sebleni na Welezo katika Unguja, na Limbani katika Pemba. Haya ni mambo ya kushukuru.

Hata hivyo mzee wetu tuliyemtaja mwanzo alikuwa akipokea pensheni yake. Kilichompungua si fedha. Kilichompungua ni kuulizwa. Wenzetu wa Mbulu wana heshima ya mzee katika baraza na wamepungukiwa na msaada wa mwezi. Sisi tuna msaada wa mwezi, na baraza tumeliacha likipungua. Sote tumesoma chuoni amri ya kuwatendea wema wazazi wafikapo uzeeni, wala hatuna haja ya kuikariri hapa. Lakini wema haukomi katika chakula na dawa. Mzee aliyeacha kupanda mti hakuacha kujua. Ni yeye ajuaye mti upi huzaa mapema, mpaka wa shamba uko wapi, na mawingu ya upande gani ndiyo ya kutukimbiza tuanue karafuu majamvini.

Kwa hiyo kamati itauletea mkutano mkuu mapendekezo manne.

Kwanza, mwanachama aliyefika miaka 70 asilipe ada, na jina lake lisiondolewe daftarini ila kwa kifo au kwa hiari yake. Haki yake ya kura ibaki kamili.

Pili, mikarafuu ya mwanachama mzee isikodishwe kwa kupitia chama ila kwa idhini yake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Akiwa mgonjwa, afuatwe nyumbani.

Tatu, mikutano yetu isifanywe tena ghorofani, wala tangazo lisipelekwe kwa simu peke yake. Mara iliyopita wazee watatu walifika mlangoni, wakazitazama ngazi, wakarudi zao, na wengine hawakupata habari kabisa.

Nne, kila tawi liwachague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wawazungukie wanachama wazee mara moja kwa mwezi na kuiarifu kamati hali zao.

Mzee wetu jina lake tumelirudisha, na katibu alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Alituitikia vizuri, akatutilia kahawa, kisha akauliza mkutano ni lini. Ndugu wanachama, tumemwahidi kuwa atakuja kuchukuliwa. Twaomba nanyi mje kwa wingi ili mapendekezo haya yapite.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati