Barua za Watu ni Amana: Funzo kutoka Visiwa vya Takawiri na Mfangano

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, katika kaunti ya Homa Bay, jirani na kisiwa kikubwa cha Mfangano. Atakaye kukifikia huabiri chombo, na wengi wa wakaazi wake huishi kwa uvuvi wa mbuta na wa dagaa, ambao wao huwaita omena. Sisi tulio na jamaa Pate, Wasini na Tumbatu hatuna haja ya kuelezwa maisha ya kisiwa. Fundi, dawa na kipuri vyote huja kwa chombo, na kilichoharibika usiku husubiri kuche, bahari ikitulia.

Tumekitaja kisiwa hicho wiki hii kwa ajili ya jambo linalogusa nyumba zetu pia, nalo ni barua za watu zinazopokelewa katika kompyuta ya pamoja, na wale wanaojitolea kuzilinda zisipotee. Huko Mfangano kuna kituo kiitwacho Ekialo Kiona, jina la Kisuba lenye maana ya dunia nzima. Kituo hicho cha shirika la Organic Health Response kilijulikana kwa mpango wa aina yake: mkaazi aliyekubali kupimwa virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita aliruhusiwa kutumia kompyuta na intaneti bila malipo. Hivyo chumba kimoja kikawa mlango wa afya na mlango wa dunia kwa pamoja.

Chumba cha namna hiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake. Zamani barua ikipotea, kilichopotea kilikuwa salamu na habari za nyumbani. Leo anwani ya baruapepe ndiyo ufunguo wa mambo mengi ya mwananchi wa Kenya. Kwayo hufunguliwa akaunti ya eCitizen na ya mamlaka ya kodi. Kwayo kijana hufuatilia nafasi ya chuo kwa KUCCPS na mkopo wa HELB. Na kwayo binti anayekwenda Ghuba kufanya kazi hutumiwa nakala ya mkataba wake. Akidhulumiwa huko ugenini, karatasi hiyo ndiyo shahidi wake. Anayepoteza anwani yake aghalabu hupoteza na njia ya kuyafikia hayo yote.

Barua hupoteaje?

Wengi wetu hudhani kwamba barua ya kompyuta hupotea kwa sababu mashine imekufa. Hiyo ni sababu mojawapo tu. Ziko nyingine tatu zinazonyemelea kimyakimya.

Ya kwanza ni programu za barua zilizopangwa kwa mtindo wa zamani, ambazo huivuta barua kutoka seva na kuishusha katika mashine moja, kisha huifuta kule ilikotoka. Mtumiaji huona barua zake kila siku na moyo ukatulia, kumbe zimebaki mahali pamoja tu duniani. Siku diski ya mashine hiyo ikiharibika, hakuna kwingine pa kuzitafuta.

Ya pili ni kuachwa kwa anwani. Kijana hufungua anwani kituoni ili aombe nafasi ya chuo, kisha huisahau. Tangu Desemba 2023 kampuni ya Google ilianza kuzifuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Na hata isipofutwa, mwenyewe akisahau nywila na akiwa amebadilisha laini ya simu, namba ya siri ya kumrejesha hutumwa kwa laini ambayo pengine imekwisha kupewa mtu mwingine.

Ya tatu ni sanduku kujaa. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, nayo hugawanywa baina ya barua, picha na mafaili. Simu ikimimina picha za harusi humo hadi nafasi ikaisha, barua mpya hurudishwa kwa mtumaji, na mwenye sanduku hajui kwamba aliandikiwa.

Kwa watu wa ziwani huongezeka adui mwingine, nao ni radi. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye ngurumo na radi nyingi sana duniani, hasa nyakati za usiku. Huku kwetu pwani tuna adui wetu, hewa ya chumvi, ambayo hula vyuma na viungio vya mashine bila kelele.

Wazee wa kazi hii

Kazi ya kulinda barua kwa kujitolea haikuanza jana katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya leo kufika, baruapepe ilipita kwa mtandao ulioitwa FidoNet, ulioendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Mjini Nairobi kulikuwa na kituo chake katika shirika la Environment Liaison Centre International, na mjini Kampala Charles Musisi alikuwa miongoni mwa walioanzisha huduma hiyo katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mashine moja iliipigia nyingine simu, ikakabidhi furushi la barua, ikakata.

Matabibu nao walikuwa na HealthNet, mradi wa shirika la SatelLife lililoasisiwa na daktari Bernard Lown wa Marekani. Setilaiti yao ndogo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Ilipita juu ya kituo cha ardhini mara chache kwa siku, ikachukua barua na kuacha barua, mfano wa jahazi linalotia nanga kwa muda mfupi kisha likatweka.

Mitandao hiyo yote ilikuwa na adabu moja: anayepeleka haitupi nakala yake mpaka apate uthibitisho kwamba mwenzake amepokea. Adabu hiyo ndiyo mzizi wa yote tutakayoyasema hapa chini.

Nakala zinazokufa pamoja

Mwishoni mwa Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua masanduku yao wakayakuta matupu. Google ilisema walioathirika ni kiasi cha asilimia 0.02, yaani watu 2 katika kila 10,000. Kampuni hiyo ilikuwa na nakala za barua hizo katika vituo vyake kadhaa, lakini hitilafu ya programu mpya ilizifikia nakala zote, kwa kuwa zote ziliunganishwa na mfumo mmoja. Kilichookoa ni kanda za sumaku, teknolojia ya kizamani, zilizokuwa zimewekwa kando bila kuunganishwa na chochote. Kutoka humo barua zilirejeshwa.

Kama kampuni tajiri kiasi hicho iliokolewa na kanda iliyolala kabatini, kituo cha kijiji kina nini cha kuonea haya? Funzo lake ni jepesi. Diski ya akiba iliyochomekwa kwenye kompyuta mchana na usiku ina hatari zilezile za kompyuta hiyo. Radi ikipiga huvichoma vyote viwili. Kirusi kikiingia huviharibu vyote viwili. Mwizi akija huvibeba vyote viwili katika mfuko mmoja.

Wala kuitegemea intaneti peke yake hakutoshi. Kenya hupata sehemu kubwa ya intaneti yake kwa nyaya za bahari zinazotua Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa Afrika, na watu wa Kenya, Tanzania na Uganda wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Barua hazikupotea, ila aliyezihitaji siku ile hakuzifikia.

Kwa hiyo wajuzi hushauri kanuni ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali. Kwa kituo cha kisiwa kama Takawiri, nakala ya kwanza huwa ndani ya kompyuta yenyewe. Ya pili huwa katika diski ya nje inayochomekwa siku moja ya wiki, kisha ikachomolewa na kufungiwa mahali pakavu. Ya tatu huvushwa hadi Mbita kwa mtu mwaminifu, au hupandishwa intaneti pale mawasiliano yanaporuhusu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza. Flashi iliyokaa droo kwa miaka huweza kupoteza yaliyomo bila dalili ya nje, na diski huweza kukataa kufunguka siku ile ile ya shida. Ndiyo maana mlinzi mzuri hujaribu kurejesha. Kila mwezi huchagua barua chache kutoka katika nakala ya akiba, akazifungua katika mashine nyingine, akahakikisha zinasomeka pamoja na viambatisho vyake. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Sitara ya mwenye barua

Sasa tufike penye uzito zaidi. Anayelinda barua za watu anaweza pia kuzisoma. Katika kituo cha afya kisiwani, ambako kila mtu amjua mwenziwe, barua moja ikivuja yaweza kuvunja ndoa au kumfungia mama mlango wa ukweni. Mwanamke akihofia siri yake, atakiacha kituo, na pamoja nacho ataacha matibabu na haki zake.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaliona jambo hili. Inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azihifadhi kwa usalama, na taarifa hizo zikifikiwa na asiyestahili, kukiwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Lakini kabla ya sheria kuna adabu, nayo ina mambo manne. Anayejitolea haulizi nywila ya mtu wala haiandiki. Mwenyewe ndiye abonyezaye. Nakala za akiba zifungwe kwa nywila, ili diski ikiibwa isisomeke. Nywila za mfumo wenyewe ziwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa mtu wa pili asiyekuwa fundi. Na kazi ya kurejesha barua zilizopotea ifanywe na wawili, mwenye barua akiwapo.

Katika kazi hii tunawaona wanawake wakiwa na nafasi yao. Msichana mwenye haya ya kumwambia kaka jirani kwamba amepoteza barua ya kliniki atamwambia dada aliyekaa pale kituoni.

Saa ya kwanza baada ya msiba

Barua zikitoweka, pupa huongeza hasara. La kwanza ni kusimama. Faili lililofutwa katika diski aghalabu huwa bado limo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo asiyejua na aiache mashine, asiweke programu mpya humo. La pili ni kutazama mahali pa karibu: sanduku la taka, ambalo Gmail hulihifadhi kwa siku 30, sanduku la barua taka, na simu au mashine nyingine aliyowahi kuitumia mwenyewe. La tatu ni kuitoa nakala ya akiba na kuirejesha mahali pengine kwanza, isije ikaharibikia juu ya mashine mbovu. La mwisho ni kuandika daftarini: siku, saa, kilichopotea, kilichopatikana.

Daftari hilo lina thamani kuliko linavyoonekana. Wanaojitolea aghalabu ni vijana, na vijana huondoka. Mmoja huenda chuo Kisumu, mwingine huolewa, wa tatu hupata kazi Nairobi. Akiondoka na ujuzi wote kichwani, kituo kimepoteza kitu ambacho diski haiwezi kukirudisha. Basi mtu naye ahitaji nakala: kila ajuaye amfunze mwingine kabla hajafunga mizigo, na hatua zote ziandikwe kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mgeni atakifuata.

Pwani yetu ina mfano wake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Asili zilibaki Lamu, na nakala zikahifadhiwa mbali. Vizazi vilivyoinakili miswada ile kwa kalamu vilifahamu kwamba kitabu cha nakala moja kina adui mmoja tu wa kukimaliza, awe moto, maji au mchwa.

Wasomaji wetu, jioni moja ya wiki hii na wakae mama na mwana mbele ya simu moja. Waingie katika kila anwani ya nyumba hiyo, hata ile iliyosahauliwa. Wahakikishe namba ya simu iliyoandikwa humo ni ile inayotumika sasa. Wachapishe mkataba, cheti na barua ya chuo, kisha waviweke pamoja na hati za nyumba. Kazi hiyo haizidi saa moja, na huenda siku moja binti aliye mbali akaihitaji karatasi hiyo moja tu.