Pikipiki ya Chama na Ufundi wa Mwendo wa Polepole

Wahenga walisema polepole ndio mwendo. Kwa mtu aendaye kwa miguu, au aswagaye ng'ombe, usemi huo hauna mjadala. Kwa mwendesha pikipiki una sharti moja: polepole ndio mwendo kwa yule aliyejifunza kwenda polepole. Asiyejifunza huanguka pale pale alipopunguza mwendo, kwenye tope la mbuga, mbele ya kundi la mbuzi, au langoni mwa ghala huku wanachama wakimtazama.

Jambo hili linavihusu sana vyama vya msingi vya Mkoa wa Simiyu. Kwa miaka mingi baiskeli ilikuwa ndicho chombo cha karani wa ushirika Usukumani. Leo katibu, karani wa mizani na mkulima mwenyewe hufikiana kwa pikipiki, na mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini. Barabara itokayo Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi ni ya lami, lakini mashamba ya pamba hayako kandokando ya lami tu. Tena pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, mvua zinapoanza. Kwa hiyo wakati ambapo mkulima anahitaji zaidi kutembelewa ndio wakati ambapo njia ni mbaya zaidi. Katibu akivunjika mguu mwezi Desemba, si yeye peke yake aumiaye. Ugawaji wa mbegu huchelewa, vitabu hukaa bila kuandikwa, na familia yake hukosa nguvu kazi shambani.

Kwa nini mwendo mdogo ni mgumu

Pikipiki iliyo katika mwendo hujisaidia kusimama. Ikianza kuinamia kushoto, gurudumu la mbele hugeuka kidogo kushoto, na chombo hurudi chini ya uzito wake. Kazi hiyo hufanyika yenyewe, na mwendeshaji hudhani kuwa ni hodari. Mwendo ukishuka karibu na ule wa mtu atembeaye, yaani kilometa 5 hivi kwa saa, msaada huo hupungua mno. Hapo mwendeshaji hana budi kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa mikono, macho na uzito wa mwili wake. Ndiyo sababu mtu aliyeendesha kutoka Bariadi hadi Lamadi bila tatizo anaweza kuanguka akigeuza pikipiki nyumbani kwake.

Vitu vitatu vya kushika

Kwanza ni klachi. Mkono wa klachi ukiachiwa taratibu, ipo sehemu ambapo injini huanza kuvuta bila kushika kabisa; wengi huiita nusu-klachi. Katika mwendo wa polepole mwendeshaji hukaa katika sehemu hiyo, akiachia kidogo ili asonge na akivuta kidogo ili apunguze. Mweka hazina asihofu kwamba zoezi hilo litaharibu chombo. Klachi ya pikipiki nyingi za kazi huzungukia ndani ya mafuta ya injini, na huvumilia kazi hiyo kwa muda mfupi. Kinachoiunguza ni kupanda mlima mrefu na mzigo huku mkono haujaachia klachi.

Pili ni mafuta. Mkono wa kulia uongeze mafuta kidogo, kisha utulie. Anayefungua na kufunga mafuta kwa papara huifanya pikipiki irukeruke, na kila mruko ni mwanzo wa kuanguka.

Tatu ni breki ya mguu, ya gurudumu la nyuma. Ikikanyagwa kidogo sana huku injini inavuta, hutuliza chombo kama kamba imtulizavyo ng'ombe wa jembe. Breki ya mkono, ambayo ni ya mbele, isikamatwe wakati usukani umegeuzwa katika mwendo mdogo, kwani pikipiki hulala mara moja upande ilikogeuzwa.

Pamoja na hayo, macho yatangulie. Mwendeshaji atazamaye shimo huingia shimoni. Atazame mbele, na akitaka kugeuka ageuze kichwa na kuangalia kule anakotaka kufika. Katika kona kali ya polepole, ailaze pikipiki upande wa kona, naye mwili wake aulemeze upande wa pili.

Mbuga, luseni na mito

Udongo mweusi wa mbuga ukiloa huteleza, kisha hujaza nafasi kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu likwame. Gia ya pili hufaa kuliko ya kwanza hapo, kwa sababu gia ya kwanza hulisukuma gurudumu la nyuma kwa nguvu mpaka lizunguke bure. Tope likijaa, mwendeshaji asimame alitoe kwa kijiti, wala asilazimishe injini.

Katika mchanga wa luseni gurudumu la mbele huzama na usukani hucheza. Yafaa kusogea nyuma kidogo katika kiti, kushika usukani bila kuukaza, na kuendelea na mafuta yasiyobadilika. Penye mifereji ya magurudumu ya mikokoteni na magari, achague mfereji mmoja abaki humo, maana kuuvuka kwa mshazari humwangusha mtu.

Mto Simiyu na Duma, na vijito vingi vya mkoa, hujaa kwa ghafla baada ya mvua. Maji yanayokwenda kasi, au yasiyoonyesha chini, hayavukwi kwa pikipiki. Kungoja saa mbili ng'amboni si uvivu.

Mzigo

Mzigo uliofungwa juu na nyuma ya gurudumu la nyuma hulipunguzia gurudumu la mbele uzito, na usukani hukosa utii. Gunia lifungwe chini na karibu na mwendeshaji iwezekanavyo. Bomba la kunyunyizia dawa libebwe likiwa tupu, likajazwe shambani. Maji yakiwa nusu huyumba kila kona na kumvuta mbebaji, na dawa ikimwagika humdhuru.

Kofia ngumu ni amri ya sheria, nayo haingoji lami. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Viatu vya kufunika kifundo cha mguu navyo ni muhimu, kwa kuwa katika kuanguka kwa polepole mguu ndio ubanwao au kuunguzwa na bomba la moshi. Pikipiki ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Ikikwisha kulala kiasi cha kutozuilika, iachwe ianguke. Kioo hununuliwa kingine.

Mazoezi katika uwanja wa ghala

Msimu wa ununuzi ukiisha, uwanja wa ghala hubaki wazi. Huo ni uwanja wa mafunzo usiodai kodi. Makopo machache na chokaa vyatosha kwa mazoezi haya manne:

1. Kwenda mita 20 kwa mstari ulionyooka bila kugusa chini. Mtembeaji hutumia sekunde 14 hivi. Mwendeshaji ajitahidi kufikisha 20.
2. Kupita kwa kupindapinda kati ya makopo yaliyopangwa kila baada ya mita 4.
3. Kugeuza pikipiki katika upana wa mita 6, kushoto na kisha kulia. Upande ulio mgumu ufanyiwe mazoezi mara mbili.
4. Kusimama gurudumu la mbele likiwa ndani ya alama, kwa kushusha mguu wa kushoto tu. Wa kulia ubaki kwenye breki.

Mazoezi yaanze bila mzigo, kisha na gunia, na mwisho baada ya mvua ya kwanza.

Kamati za vyama vya msingi zinashauriwa kuliweka jambo hili katika ajenda zao kabla ya Novemba. Asikabidhiwe ufunguo wa pikipiki ya chama mtu asiye na leseni ya daraja lake, wala mwenye leseni ambaye hajapita kati ya makopo hayo mbele ya wenzake. Kamati hukagua mizani kabla ya msimu ili pamba ya mkulima isipunjwe. Anayemfikia mkulima huyo katika mvua astahili kukaguliwa vivyo hivyo, ili arudi nyumbani salama.