Wastani wa ekipe hausemi yote



Kila mwaka kwenye vizite ya uganga tunawapa bomba: vuta pumzi, puliza kwa nguvu! Namba inaandikwa kwenye kadi. Kisha maneno yanaanza: «Wapiga-mashimo wana wastani wa chini, vumbi limewamaliza. Sisi wa garaje tuko salama.» Msicheke bado.

Tuchukue mfano wa kujifunza tu. Ekipe tatu, watu wanne kila moja. Wastani (watoto wa masomo wanasema mwayeni) ni lita 500 kwa dakika kwa garaje, 480 kwa masini ya kuponda mawe, 450 kwa wapiga-mashimo. Je, tofauti ni ya kweli? Wastani peke yake haujibu.

Kama wapiga-mashimo wamepuliza 440, 450, 450 na 460, na ekipe nyingine vilevile wanakaribiana, basi kuna jambo. Lakini kama wamepuliza 350, 400, 500 na 550, wastani ni uleule 450. Na kama ndani ya kila ekipe watu wameachana hivyo, 50 ile ya kati ya garaje na wapiga-mashimo inaweza kuletwa na bahati tu.

Hesabu ya kupima jambo hili inaitwa analizi ya variansi. Mwingereza Ronald Fisher aliitengeneza akilinganisha mbolea na aina za viazi kwenye mashamba ya Rothamsted, akaieleza katika kitabu chake cha 1925. Inalinganisha tofauti kati ya ekipe na tofauti iliyo ndani ya ekipe. Jibu linaitwa F. Katika mfano wetu wa kwanza F ni 38, katika wa pili ni 0.3. Kwa watu 12 na ekipe tatu, F ikipita 4.26 tunasema si rahisi iwe bahati: ingetokea chini ya mara 5 katika 100.

Hata F ikiwa kubwa, haisemi ni ekipe gani imeachana na wenzake, wala sababu yake. Pengine ekipe moja ina wazee wengi, au wafupi, au wavutaji wa tumbako. Hayo yote hupunguza pumzi. Muganga lazima ayatafute kwanza.

F ikiwa ndogo, wengine hunijibu: «Basi hakuna ugonjwa.» Hapana! Yule wa 350 bado ana 350 yake, hata wenzake wakimfichia kwenye wastani. Silikosi, ugonjwa wa vumbi la mawe, huja polepole kwa miaka, na hakuna dawa ya kurudisha mapafu yaliyoharibika. Kwa hiyo maji yabaki kwenye masini ya kutoboa, na maski ivaliwe hata joto likisumbua.

Mama, kama mzee anakohoa usiku au anachoka kupanda ngazi, mlete dispanseri bila kungoja vizite. Aje na kadi ya mwaka uliopita. Namba yake ya leo tutailinganisha na yake mwenyewe ya jana.