Siku Nane za Kwanza Nchini Italia

Wapendwa vijana mnaojiandaa kwenda masomoni Italia, tunawakumbusha kwamba viza peke yake haitoshi. Kwa masomo yanayozidi siku 90, mwanafunzi anapaswa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini, kwa kawaida kupitia ofisi ya posta. Stakabadhi atakayopewa aitunze vema, kwani ndiyo ushahidi wake anaposubiri kibali.

Kwa hiyo pasipoti, barua ya chuo, bima ya afya na uthibitisho wa fedha vikae katika mkoba wa mkononi, pamoja na nakala zake. Nanyi wazazi, akiba isiishie kwenye tiketi: maombi hayo hulipiwa. Uzembe wa wiki mbili usihatarishe masomo yaliyogharimiwa kwa jasho la familia nzima.