Kisiwa Kinachowafunza Wahandisi Kuhesabu Kila Lita

Appledore ni kisiwa cha mawe kilichopo takriban kilomita 10 kutoka pwani ya New Hampshire, mashariki mwa Marekani. Eneo lake halifiki hekta 40. Hapo ndipo ilipo Shoals Marine Laboratory, kituo cha sayansi ya bahari kinachoendeshwa kwa ubia na Chuo Kikuu cha Cornell na Chuo Kikuu cha New Hampshire. Kila kiangazi hufika wanafunzi na watafiti wa viumbe wa baharini, na wote wanahitaji taa, friji, chakula cha moto na maji ya kunywa mahali ambapo kila pipa la dizeli huletwa kwa boti.

Tangu 2006 kituo hicho hupokea pia wanafunzi wachache wa uhandisi kwa mafunzo ya vitendo. Wenzao wanachunguza samaki na ndege. Wao wanachunguza kituo chenyewe: kisima, betri, mabomba, maji taka.

Tuanze na kisima. Ni kifupi, kinajazwa na mvua, na kimezungukwa na bahari pande zote. Mvua zikichelewa huku watu wakiongezeka, maji hushuka, na pampu ikivuta kupita kiasi chumvi huanza kupenya kwenye nyufa za mwamba. Mwanafunzi hushusha utepe kupima kina, kisha huchukua sampuli na kupima jinsi inavyopitisha umeme. Maji baridi hupitisha kidogo, ya chumvi hupitisha kwa wingi. Tarakimu ikipanda siku hadi siku, bahari inaingia kisimani, na kipimo huitambua mapema kuliko ulimi. Watu wa Lamu, ambao maji yao hutegemea vilima vya mchanga vya Shela, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Kisima kikielemewa, kuna mtambo wa kuondoa chumvi. Maji ya bahari husukumwa kwenye utando wenye matundu madogo mno, maji yapite na chumvi ibaki. Kwa kuwa maji kwa asili yake huelekea upande wenye chumvi nyingi, kuyarudisha nyuma kunahitaji shinikizo linalozidi mara 25 la hewa inayotuzunguka, na mitambo mingi hutumia hata mara 50. Pampu ya namna hiyo inakula umeme kwelikweli. Kwa hiyo swali la maji limekwisha kuwa swali la umeme, na hapa ndipo ninapoona utamu wa mafunzo haya. Ukiuwasha mtambo usiku, unamaliza betri. Ukiuwasha adhuhuri, jua likiwa kali na betri zimejaa, ziada ya umeme inageuka kuwa maji ndani ya tangi, na tangi ni rahisi kuliko betri.

Jenereta ya dizeli nayo ina tabia zake. Jenereta kubwa inayowasha taa chache tu haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, masizi hujaa kwenye injini na bomba la moshi. Ni heri iungurume kwa nguvu saa chache, ijaze betri, kisha izimwe. Hata shakwe, wanaotaga kwa wingi kisiwani, wana sehemu yao katika hesabu. Seli za paneli ya sola zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo kinyesi kikifunika seli moja tu, umeme wa mfululizo mzima hupungua.

Kwetu, wanafunzi wengi wa uhandisi hupelekwa kwenye mafunzo ya vitendo wakaishia kupiga fotokopi na kuagizwa chai. Ni hasara kubwa, nami nasema hivyo kwa uchungu. Mahali pa kujifunzia tunapo. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kina mabanda yanayovuna mvua kwa mapaa yake, yanayotumia umeme wa jua na vyoo vya mboji. Vituo vya utafiti, zahanati na shule za visiwani na mbugani zina jenereta na visima vinavyongoja mtu wa kuvipima. Vyuo vyetu vipeleke huko wanafunzi wawili watatu kila mwaka, viwape mita na tatizo halisi, na viwatake waache ripoti ambayo wa mwaka unaofuata wataanzia hapo.